"Safety" na "security": usalama mmoja, maana mbili

Anayesafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kuja huku Ulaya hukutana na usalama mara mbili kabla ndege haijaruka. Mara ya kwanza ni pale uwanjani, anapopekuliwa begi, akaambiwa avue mkanda wa suruali na kupita kwenye mashine. Mara ya pili ni ndani ya ndege, pale mhudumu anaposimama katikati ya viti akionyesha namna ya kufunga mkanda na kuvaa jaketi la kujiokolea. Mkanda wa kwanza unavuliwa kwa ajili ya usalama, mkanda wa pili unafungwa kwa ajili ya usalama. Mswahili anasikia neno lile lile. Mwingereza anasikia maneno mawili: la kule uwanjani ni "security" na la ndani ya ndege ni "safety", na hawezi kuyachanganya hata ukimwamsha usiku wa manane.

Sisi tunaotafsiri habari kila siku tunakumbana na maneno haya karibu katika kila taarifa. Mara nyingi tunaandika "usalama" na kusonga mbele, kwa sababu saa haimngoji mtu na habari lazima itoke. Lakini zipo siku ambazo "usalama" hautoshi, na leo tumeona tuzungumze kuhusu siku hizo.

Tofauti yenyewe, kwa ufupi, ni hii. "Security" ni kujikinga na mtu mwenye nia mbaya: mwizi, gaidi, jasusi, mvamizi, mpekuzi wa barua zako. "Safety" ni kujikinga na madhara ambayo huenda hakuna aliyeyakusudia: moto, breki kukatika, meli kuzidiwa na mzigo, dawa iliyopitwa na wakati, sakafu iliyolowa maji. Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kujiuliza swali. Ukiuliza "nani anataka kutudhuru?" uko kwenye "security". Ukiuliza "nini kinaweza kutudhuru?" uko kwenye "safety". Mpaka huo si ukuta wa zege, kwani Waingereza wenyewe huita sanduku la chuma la kuwekea fedha "safe" ingawa adui wake ni mwizi. Hata hivyo, katika sheria, mikataba na majina ya ofisi, mpaka huo unaheshimiwa sana.

Tuangalie usafiri wa anga. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia safari za ndege za kiraia duniani, una viambatisho 19. Kiambatisho cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya wimbi la utekaji nyara wa ndege, kinahusu "security". Kiambatisho cha 19, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinahusu "safety". Kwenye bahari ni vivyo hivyo. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikaa London na mwaka 1914 yakatoa mkataba wa kuokoa maisha baharini: mashua za kutosha, redio, njia za kutokea. Hiyo ni "safety". Karibu miaka 90 baadaye, kufuatia mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, yalikutana tena na Desemba 2002 yakapitisha kanuni za kulinda meli na bandari dhidi ya mashambulizi, zikaanza kutumika Julai 2004. Hiyo ni "security". Nahodha wa leo anabeba vyeti vya pande zote mbili.

Asili ya maneno

Maneno yote mawili Kiingereza kiliyapata kutoka Kilatini. "Security" linatokana na "securus", yaani "se", bila, na "cura", wasiwasi au shughuli ya moyo. Kwa hiyo asili yake si bunduki wala geti. Asili yake ni mtu aliyelala bila wasiwasi. (Neno "sure", yaani kuwa na hakika, ni mtoto wa neno hilo hilo aliyepitia Ufaransa.) "Safety" linatokana na "salvus", mzima, asiye na jeraha. Na sisi "salama" tumelitoa katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana hiyo hiyo ya uzima na kutokuwa na kasoro. "Salvus" na "salama" yanafanana kwa sauti na kwa maana ingawa hayana udugu.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wetu wa Muscat na Dubai watakuwa wamelitambua zamani. Kiarabu kina maneno mawili kama Kiingereza: "amn" ni "security", na "salama" ni "safety". Katika nchi za Ghuba utayaona yamepangwa pamoja kwenye mbao za maeneo ya ujenzi na kwenye majina ya idara, "al-amn wa as-salama", na wala hakuna anayeona kwamba neno limerudiwa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa Kiarabu ni Baraza la "Amn". Waswahili tulichukua mizizi yote miwili, lakini tulipofika nayo nyumbani tukaipanga upya. Mzizi wa "amn" ukatupa amani, nasi tukaitumia kwa kutokuwepo vita, jambo ambalo Mwarabu huliita "salam". "Salam" yenyewe ikawa salamu za kupeana mikono. Na "salama", baada ya kuvikwa kiambishi U-, ikabebeshwa mizigo yote miwili iliyobaki.

Tusijidharau lakini. Kijerumani kina "Sicherheit" tu kwa maana zote mbili, Kihispania kina "seguridad", na hatujasikia kwamba meli za Hamburg zinazama kwa upungufu wa msamiati. Wafaransa nao wana maneno mawili na bado wamejichanganya: kwenye mambo ya ndege "sûreté" ndiyo ya kuzuia magaidi na "sécurité" ya kuzuia ajali, lakini ukienda kwenye mitambo yao ya nyuklia utakuta maana zimegeuzwa, "sûreté" ndiyo ya kuzuia ajali. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi wanaopambana na Kifaransa cha serikali wana haki ya kulalamika zaidi yetu.

Basi tatizo si uhaba wa maneno. Tatizo, kwa maoni yetu, ni kwamba maana mbili zinapokaa nyumba moja, ile yenye bunduki humfukuza mwenzake sebuleni. Tazama nchini Tanzania. Kila mkoa na kila wilaya ina Kamati ya Ulinzi na Usalama, mwenyekiti wake akiwa mkuu wa mkoa au wa wilaya, na wajumbe wake wakuu ni watu wa vyombo vya dola. Kamati hiyo ikikutana, wananchi hujua kuna jambo: maandamano, wahamiaji, uchaguzi. Ni nani aliyewahi kusikia kamati hiyo imekutana usiku kwa sababu ya idadi ya majaketi ya kuokolea ndani ya kivuko?

Ajali haina kinga?

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Hesabu ya serikali ilikaribia 900. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo mtu aliyejulikana kama Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, aliyekuwa Afrika Mashariki akijenga mtandao wa kundi lake. Habari hiyo ilielezwa wazi baadaye katika kesi ya mashambulizi ya balozi za Marekani iliyosikilizwa New York mwaka 2001. Tumeikumbuka kwa sababu inaweka maneno yetu mawili ndani ya meli moja. Mtu ambaye kwa upande wa "security" alikuwa hatari kubwa kuliko wote waliokuwemo alikufa kwa upungufu wa "safety" pamoja na wanafunzi, wachuuzi wa ndizi na akina mama waliokuwa na watoto mgongoni. Wenzake waliobaki walilipua balozi za Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998 na kuua watu zaidi ya 200.

Sasa linganisha yaliyofuata. Baada ya mwaka 1998 balozi zilihamishwa na kujengwa upya mbali na barabara, kuta zikanyanyuliwa, sheria za ugaidi zikaandikwa (ya Tanzania ni ya mwaka 2002), na hoteli kubwa zikaweka vioo vya kukagulia magari chini ya mvungu. Na majini? Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba ilikuwa imepakia zaidi ya watu 2,000 ilhali uwezo wake haukufika 700. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kilichotengenezwa kwa abiria 101 kikaua watu 228. Wakenya nao hawajaisahau feri ya Mtongwe ya Aprili 29, 1994, iliyoua watu 272 mbele ya macho ya mji wa Mombasa.

Kila mara tulisikia maneno yale yale: ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya faraja na mahali pake ni matangani, siyo kwenye ripoti ya tume. Mbona gaidi anapoua hatusemi kwamba gaidi hana kinga? Tunasema nani alizembea, nani aliwaruhusu kupita, ofisi gani ilipokea taarifa ikaikalia. Katika "security" adui ana jina na sura, kwa hiyo anatafutwa. Katika "safety" adui ni mzigo uliozidi kipimo, na mzigo haupigwi picha ukiwa na pingu.

Mlango ufungwe au ufunguliwe?

Kuna mahali maana hizi mbili hazitofautiani tu bali zinapigana, na mfano wake mkubwa ni mlango. "Security" inataka mlango ufungwe na dirisha liwekwe nondo. "Safety" inataka mlango ufunguke kwa kusukumwa na dirisha liwe wazi. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos. Moto uliwashwa makusudi, lakini kilichowazuia kutoka ni mlango mmoja uliokuwa umefungwa na nondo za madirishani. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa kwa namna kama hiyo huko Bombolulu, Kwale. Nondo zile ziliwekwa na watu wazuri, wakiwa na nia nzuri: wezi wasiingie na wanafunzi wasitoroke. Mkuu wa shule ukimuuliza kwa Kiswahili kwa nini ameweka nondo atakujibu "kwa usalama wa watoto", na mzimamoto ukimuuliza kwa nini anataka zitolewe atakupa jibu hilo hilo.

Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo mwaka 2008 ikisema madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na milango ifunguke kwa nje. Bado Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, lilichoma watoto 21.

Ndege nazo zimeonja vita hivyo. Baada ya Septemba 11, 2001 milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa isivunjike wala kufunguliwa kutoka nje. Machi 24, 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings, ikitoka Barcelona kwenda Düsseldorf, alimfungia nje rubani mkuu aliyekwenda msalani, kisha akaiangusha ndege milimani nchini Ufaransa. Watu 150 walikufa huku rubani mkuu akigonga mlango uliotengenezwa kuwalinda.

Nchini Kenya mwaka huo huo palitokea mengine mawili ambayo hayakutangazwa sana huku nje. Aprili 2, 2015 al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Siku kumi baadaye, Aprili 12, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri karibu na mabweni ya kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni washambuliaji, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Kisha Novemba, chuo kikuu kimoja cha binafsi jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujiandaa na shambulio bila kuwaeleza watu sawasawa. Milio ya risasi ikasikika, watu wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Zoezi la "security" liliua kwa kukosa "safety". Ukijaribu kuiandika sentensi hiyo kwa neno moja la usalama utaona inavyokataa.

Wala usidhani ni mambo ya milango na mabomu tu. Neno "usalama wa chakula" limetumika kwetu kwa "food security", yaani chakula kiwepo na kitoshe, na limetumika pia kwa "food safety", yaani chakula kisidhuru. Wizara ya kilimo imekuwa na idara yenye jina hilo kwa maana ya kwanza, na wakaguzi wa viwango wakalitumia kwa maana ya pili. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu na kuzalisha aflatoksini, ambayo Tanzania huitwa sumukuvu. Mahindi hayo hayakuwa ya msaada wala ya magendo. Mengi yalikuwa yamelimwa pale pale, yakahifadhiwa ndani yakiwa na unyevu, kwa sababu ya hofu ya njaa na ya wezi. Ghala lilikuwa na "security". Mahindi hayakuwa na "safety". Ofisa akisimama mbele ya wanakijiji na kutangaza kwamba "hali ya usalama wa chakula ni nzuri", wamwelewe vipi?

Anayetafuta na anayetafutwa

Tuliowahi kuandika habari nyumbani tunalijua neno hili kwa upande wake wa pili. Katika mazungumzo ya mitaani Tanzania Bara na Visiwani, "usalama" ni mtu. "Yule ni usalama", watu wananong'ona, na mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Ni ajabu ya lugha yetu kwamba neno lenye maana ya kutokuwa na hofu likitajwa, watu hushusha sauti. Na yapo maneno ambayo kila mhariri wa kwetu ameambiwa kwa simu angalau mara moja: "Kwa usalama wako, hiyo habari iache." Mpigaji hakudanganya. Alitumia maana zote mbili kwa mpigo mmoja. Alitaja uzima wako na akajitaja yeye mwenyewe.

Huku ughaibuni utata huo unaweza kumgharimu mtu maisha yake. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza kijana mmoja kutoka pwani kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, katika nchi na ofisi ambazo hatutazitaja. Mkalimani alikuwa kwenye simu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali na pwani. Kijana alisema: "Nilikuwa natafutwa na usalama." Mkalimani akasema kwa Kiingereza kwamba alikuwa anatafuta "safety". Herufi moja ya W ilidondoka njiani, na pamoja nayo ikadondoka kesi nzima. Kwenye karatasi kijana hakuwa tena mtu anayewindwa na maofisa wa dola yake. Alikuwa mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuishi, kama mamilioni wengine. Msikilizaji hakuwa na sababu ya kuuliza ni nani waliokuja nyumbani kwake, saa ngapi, na walikuwa na gari gani, kwa sababu katika maandishi yake hapakuwa na mtu aliyekuja.

Ombi lilikataliwa. Barua ya kukataa ilisema muombaji hakueleza ni nani hasa anayemwogopa. Ilichukua karibu mwaka mzima, wakili wa kujitolea na kanda ya sauti ya mahojiano hadi sentensi ile moja kusikilizwa upya na mtu mwingine. Muda wote huo kijana hakuruhusiwa kufanya kazi, alilala kwenye chumba cha watu wanne, na mama yake huko nyumbani alikuwa akiulizwa na watu wale wale kama mwanawe ameshaandika barua. Mwishowe alipewa hifadhi. Alitwambia kwamba kilichomuuma si kukataliwa, bali kuisoma barua na kukuta kwamba wale watu watatu waliompiga wamegeuzwa kuwa kitu anachokitamani.

Tunawaomba wanaojiandaa na mahojiano kama hayo wasitegemee neno hilo peke yake. Sema "maofisa wa Idara ya Usalama wa Taifa", au "askari kanzu", au "watu wa serikali waliovaa kiraia". Taja idadi yao. Na ukisema "nilikimbia kwa sababu ya usalama", mkalimani ana haki ya kuchagua moja kati ya maana mbili zinazopingana, na ukimya wako utamchagulia.

Serikali zenyewe hucheza na maneno haya, na hapa Uingereza tulipata mfano wa darasani. Novemba 15, 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rwanda haikuwa nchi salama ya kupelekwa waomba hifadhi, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya wao kurudishwa makwao kwenye mateso. Bunge likajibu kwa kutunga sheria, iliyosainiwa Aprili 2024, ikitamka kwamba Rwanda ni salama. Jina lake lilianza na "Safety of Rwanda". Serikali mpya iliyoingia Julai 2024 iliuacha mpango huo, na muswada iliouwasilisha Januari 2025 wa kuifuta sheria hiyo ulianza na maneno "Border Security". Kwa Mwingereza, kutoka jina la kwanza hadi la pili ni safari ndefu: la kwanza linauliza kama mgeni atadhurika, la pili linauliza kama mgeni ndiye atakayedhuru. Kwa Kiswahili utaandika Sheria ya Usalama wa Rwanda, kisha Sheria ya Usalama wa Mipaka, na msomaji wa Kigali au Ujiji atadhani ya kwanza inawahusu majasusi wa Rwanda.

Tufanyeje basi? Hatuungi mkono wanaotaka tuseme "sekyuriti", ingawa walinzi wengi wa Kikenya na Kiganda waliopo Doha na Dubai wameshalizoea. Kiswahili kina akiba yake. Mtu anayelinda ni mlinzi na kazi yake ni ulinzi. Kwa hiyo sehemu nyingi za "security" zingeweza kuitwa ulinzi bila kumuumiza mtu, mathalani ukaguzi wa ulinzi uwanjani badala ya ukaguzi wa usalama. "Social security" tayari tumeiita hifadhi ya jamii, na ni tafsiri nzuri kuliko asili yake. Mali unayoweka benki ili ukopeshwe, ambayo nayo Mwingereza huiita "security", ni dhamana. "Food security" baadhi ya watu wameanza kuiita uhakika wa chakula, na hapo, pengine bila kujua, wamerudi kwenye Kilatini cha "sure". Ukitoa hayo yote, usalama unabaki na kazi yake ya asili, kazi ya uzima. Usalama wa Taifa hatutaweza kuubadilisha jina, na wala hatujui kama wenyewe wangependa.

Kitu kimoja tumekigundua tukiandika makala haya: kiambishi kile cha U- ndicho kilichohamia serikalini. "Salama" tupu bado ni ya watu. Tunaulizana "umefika salama?", mzazi anajifungua salama, na hakuna anayeshusha sauti. Mkoani Mara, wasichana wanaokimbia kukeketwa hupokewa kwenye "nyumba salama", na kila mtu anaelewa ni mahali gani. Lakini hapa tulipo tuliwahi kuona kipeperushi cha kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao, kilichotafsiriwa kwa lugha nyingi, na kwenye ukurasa wa Kiswahili kiliwaalika wapige simu usiku au mchana ili wapelekwe kwenye "nyumba ya usalama". Dada mmoja wa Kizanzibari aliyekipokea alikikunja, akatuuliza kwa upole kama kuna mwanamke mwenye akili zake atakayepiga simu hiyo. Tuliwaandikia wahusika. Kipeperushi kimechapishwa upya.